Potifolio ya mtoto anayesomea nyumbani: boksi, faili, kauntabuku au simu?

Wazazi wenzangu mnaosomesha watoto nyumbani, hili suala la potifolio, yaani mkusanyo wa kazi za mtoto unaoonyesha anachojua, tuliongee vizuri maana naona linachosha watu bure. Mtu anaanza mwaka na moto, ananunua mafaili ya kila rangi, ikifika Aprili mafaili yako juu ya kabati matupu na kazi za mtoto ziko chini ya kochi, au zote ziko kwenye simu zimechanganyika na picha za harusi na meseji za mobile mani. Alafu Januari anaamua mtoto aende shule, anaambiwa lete kazi alizofanya tuzione, hapo ndo mbio zinaanza.

Nalinganisha njia nne ambazo watu wanazitumia kweli huku kwetu: boksi la kutupia kila kitu, faili la karatasi, kauntabuku anayoandika mzazi, na simu pamoja na Google Drive. Msimamo wangu nausema kabisa mapema. Kwa Uganda mimi niko upande wa faili jembamba la karatasi likisindikizwa na kauntabuku, na simu iwe ya zile kazi ambazo karatasi haiwezi kuzibeba. Ila si kwa kila familia, kuna ambao simu ndio itawafaa kwanza, na hao nitafika kwao.

Kwanza jiulize nani atasoma

Ukitafuta mifano ya potifolio kwenye intaneti karibu yote ni ya Marekani, na ile imejengwa juu ya sheria za kule. Pennsylvania kwa mfano, sheria inataka siku 180 za masomo kwa mwaka au saa 900 kwa mtoto wa praimari na 990 kwa sekondari, mzazi aweke orodha ya vitabu mtoto alivyosoma, na kila mwaka mtathmini anaongea na mtoto na kupitia hiyo potifolio. Florida nako wanataka kumbukumbu za masomo ziandikwe wakati ule ule kazi inafanyika, na uzitunze miaka miwili. Sasa mzazi wa Tororo au Mbarara anauchukua ule mfano mzima mzima, anajaza saa kila siku mpaka mkono unauma, na hedimasta wa hapa wala hana haja na hizo saa.

Huku msomaji wako ni hedimasta, au mara nyingi zaidi ni DOS, yule ticha anayesimamia masomo ya shule nzima, na utamkuta mwanzoni mwa muhula wazazi wamepanga foleni nje ya ofisi, simu inaita, na mezani kuna rundo la karatasi za watoto wengine. Anachotaka kujua ni kitu kimoja tu, huyu mtoto nimweke P4 au P5, yaani praimari darasa la nne au la tano. Atampa intavyuu, hiyo haikwepeki na potifolio haiiondoi, lakini inampa ticha kitu cha pili cha kuangalia kama mtoto siku ile aliogopa akakosa hesabu anazozijua nyumbani, na jambo hilo linatokea sana kwa watoto wetu maana hawajazoea kukaa kwenye dawati na watoto wengi wasiowajua wakaambiwa muda umeisha wekeni kalamu chini. Na wa P7 yuko na la ziada, mtihani wa PLE, ule wa kumaliza praimari, mtoto anasajiliwa UNEB, baraza la mitihani la taifa, kupitia shule yenye namba ya senta, yaani kituo cha mtihani, kwa hiyo iwe isiwe kuna siku utakaa mbele ya shule fulani uombe mtoto afanyie pale, na wao watataka kujua anaweza nini kwa sababu matokeo yake yatatoka kwenye orodha yao.

Kwa hiyo kila njia hapa chini naipima kwa swali hilo hilo: DOS akiwa na dakika kumi tu, ataona nini?

Boksi

Hili silichelewi. Boksi ni zuri kwa kukusanya, na kwa mtoto wa chini ya miaka sita linatosha kabisa, maana kazi zake nyingi ni michoro, udongo, majani yaliyobandikwa, vitu vya kutunza kwa mapenzi tu. Lakini kama ndio potifolio yenyewe, DOS hataona chochote, utamwekea kilo tatu za karatasi mezani akuangalie usoni. Alafu boksi likikaa chini sakafuni ukutani, mvua za Machi hadi Mei zikija na unyevu wake, mchwa wanaanzia chini na wewe utagundua siku unayolihitaji. Liweke juu ya kiti au shelfu isiyogusa ukuta. Lifanye liwe sehemu ya kupitia tu, kazi zinaingia kila siku na mwisho wa mwezi unachagua, zinazobaki mtoto anachorea upande wa nyuma.

Faili la karatasi

Hapa ndo penyewe, nitakaa kidogo.

Kuna faili la springi na kuna boksi faili, lile gumu la pete kubwa ambalo maofisi wanatumia. Wengi wanakimbilia boksi faili kwa sababu linaonekana la maana, mimi nasema chukua la springi, moja kwa kila mwaka. Boksi faili linakushawishi ulijaze, na faili lililojaa halisomwi. La springi likishafika karatasi hamsini hivi linaanza kukataa, na hiyo inakusaidia kuchagua.

Kuchagua ndio kazi yenyewe ya potifolio. Kila somo, kila muhula, toa kazi tatu: moja ya mwanzo wa muhula, moja ya katikati, moja ya mwisho. PLE ina masomo manne, Kiingereza, Hesabu, Sayansi na SST (maarifa ya jamii), kwa hiyo masomo manne mara kazi tatu mara mihula mitatu unapata karatasi 36 kwa mwaka mzima, ongeza Kiswahili na sanaa bado faili linafungika. Na usichague zile nzuri tu! Hilo nalisisitiza kwa sababu wazazi wengi wanaweka kazi safi zenye tiki nyekundu juu mpaka chini, na ticha mwenye uzoefu akiona hivyo anajua mama ndiye aliyefanya. Kazi ya mwanzo ikiwa mbovu na ya mwisho ikiwa nzuri, hapo mtoto anaonekana amekua, na hicho ndo alichokuwa anakitafuta.

Niwaonyeshe karatasi moja iliyo kwenye faili la binti yangu wa kati. Alienda Malaba, mpakani na Kenya, na mjomba wake, wakakaa kibarazani kwa rafiki yake mjomba wakahesabu malori yanayovuka kuja huku kwa kuangalia herufi za mwanzo kwenye namba, K ya Kenya, U ya Uganda, R ya Rwanda na SSD ya Sudan Kusini. Karatasi ya kwanza ni chafu, ina vijiti vijiti vya kuhesabia na alama ya chai pembeni: K 19, U 14, R 6, SSD 2. Chini ameandika jumla 39, akaikata, akaandika 41. Karatasi ya pili ni grafu ya mihimili, mstari wa chini umepinda lakini vipimo viko sawa. Ya tatu ni aya moja ya Kiswahili anaeleza kwa nini malori ya Rwanda na Sudan Kusini yanapita kwetu, kwa sababu hizo nchi hazina bahari na mizigo inatoka Mombasa, na akamalizia kwa kusahihisha kitabu chake cha zamani kinachosema Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi tano, akaandika zimekuwa nane baada ya Sudan Kusini kuingia 2016, Kongo 2022 na Somalia 2024.

Ticha akishika hizo karatasi tatu anaona takwimu za hesabu, anaona SST ya P6 yenyewe, maana silabasi ya SST inapanda hivi: P4 wilaya yetu, P5 Uganda, P6 Afrika Mashariki, P7 Afrika. Anaona mtoto anajisahihisha mwenyewe. Ile 39 iliyokatwa ndiyo iliyonifanya nisiitupe karatasi chafu, na wewe ukiwa na karatasi ya namna hiyo usithubutu kumwambia mtoto aiandike upya ili ipendeze.

Kupanga je? P1 mpaka P3 usipange kwa masomo. Mtaala wa madarasa yale unaenda kwa mada, zile za nyumbani kwetu, hali ya hewa, usafiri, vitu tunavyotengeneza, na ticha wa P3 anafikiri kwa mada, kwa hiyo panga kwa mada naye atakuelewa haraka. P4 ndio mwaka wa kuvuka kwenda kwenye masomo, na kuanzia hapo panga kwa masomo. Wengine wanapanga kwa tarehe tu kuanzia Februari hadi Desemba, ni rahisi kwako mzazi lakini DOS anayetaka kuona Hesabu peke yake atapekua faili zima, na hatapekua.

Mengine ya karatasi kwa haraka. Tarehe kwenye kila karatasi, juu kulia, mtoto aiandike mwenyewe, karatasi isiyo na tarehe haisemi kitu. Penseli inadumu kwenye unyevu kuliko wino wa kalamu za rangi. Pini za stepla zinapata kutu na kuchafua karatasi, tumia panchi na springi. Kazi za krayoni usizipeleke kulaminetiwa, ile mashine ina moto na nta inayeyuka. Kazi zilizotoka kwenye prinita za lesa ukiziweka kwenye plastiki laini zile za bei ya chini, baada ya muda wino unahamia kwenye plastiki, bora ziwe wazi au uweke karatasi nyeupe katikati.

Na ukurasa wa mbele, mmoja tu: jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, kiwango chake kwa kila somo kwa lugha ya hapa, mfano Hesabu P5 muhula wa pili, vitabu mlivyotumia, na namba yako ya simu. Nyuma yake kopi ya cheti cha kuzaliwa cha NIRA, wale wa usajili na vitambulisho. Fotokopi ni hela ndogo, toa kopi ya faili lote la mwaka na uiweke nyumba nyingine, kwa bibi au kwa shangazi, sio nyumba ile ile.

Udhaifu wa faili upo. Halionyeshi mtoto anavyosoma kwa sauti, halionyeshi bustani aliyolima, halijui kama alifanya peke yake au ulikuwa umemkalia begani. Na likiungua au kulowa bila kopi, limekwisha.

Kauntabuku

Ile kauntabuku ya kwaya mbili au tatu, ya jalada gumu, ya Picfare au yoyote. Hii anaandika mzazi. Mistari minne mitano kwa siku, na siku ambayo hakuna kitu cha maana usijilazimishe kuandika.

Faida yake kubwa ni kujaza kile ambacho faili halijui. Angalia mfano wa maandishi yenye kazi: "Jumanne. Sehemu za namba. Amegawa chapati sita kwa watu wanne, akachora, akapata moja na nusu peke yake. Nilipomwandikia 6/4 kwa namba tupu akakwama, nikamsaidia." Hapo mtu yeyote aliyefundisha anaelewa kila kitu, mtoto anaielewa sehemu kama kitu, bado hajaielewa kama maandishi, na mwalimu mpya anajua aanzie wapi kesho. Linganisha na haya ambayo ndio wengi tunayaandika tukiwa tumechoka: "Leo tumefanya hesabu, amefanya vizuri sana, Mungu ni mwema." Ni kweli Mungu ni mwema lakini ticha hajapata kitu.

Mimi naweka alama tatu pembeni ya kila mstari, P kama alifanya peke yake, S kama nilimsaidia, T kama tulifanya pamoja. Ukiangalia mwezi mzima unaona T zinapungua au zimeganda, na ukiona zimeganda somo fulani basi usisubiri mwisho wa muhula.

Kauntabuku peke yake haitoshi kumshawishi mtu, tuwe wakweli. Ni neno la mzazi kuhusu mtoto wake, na kila mzazi mtoto wake anajua. DOS ataifungua, atasoma kurasa mbili na kuirudisha. Inapata nguvu pale tarehe yake inapokutana na tarehe ya karatasi iliyo kwenye faili, anaona Jumanne ile umeandika hiki na karatasi ya Jumanne ile hii hapa, na wale Florida ndo maana wanataka iandikwe siku ile ile, kumbukumbu iliyoandikwa yote kwa wino mmoja wiki moja kabla ya kwenda shule inajulikana kwa macho.

Ila kwa bei, kwa uimara na kwa kukusaidia wewe mwenyewe kufundisha, hakuna inayoishinda. Familia yenye hela ya kitu kimoja tu inunue kauntabuku.

Tukumbuke pia mwaka 2020. Shule zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguka zote mpaka Januari 2022, karibu miaka miwili, na watoto wakarudi wakapandishwa tu darasa linalofuata. NCDC, wale wanaotunga mitaala ya taifa, walitoa masomo ya kusomea nyumbani, magazeti yakachapisha, wazazi wengi walifundisha kwa bidii kweli ukumbini na barazani, lakini ukiuliza leo mtoto alijifunza nini ule wakati utapata nyumba chache sana zenye karatasi hata moja. Jasho lilitoka na halikuacha alama. Hilo linaniuma, na ndio sababu nawasumbua na hizi kauntabuku.

Simu na Google Drive

Simu ina ushindi wake ambao karatasi haiwezi kugusa, nao ni sauti. Chukua aya moja, mrekodi mtoto wa P2 akiisoma wiki ya kwanza ya muhula, alafu aya ile ile wiki ya mwisho. Ya kwanza utasikia anavyovuta silabi moja moja, anarudi nyuma, anabahatisha neno kwa kuangalia herufi ya kwanza, ya pili anateleza na anapumzika kwenye nukta. Sekunde arobaini arobaini tu, na DOS akisikiliza hizo mbili hana haja ya kumwuliza mtoto anajua kusoma au hajui. Hakuna karatasi ya kazi inayoweza kusema hivyo. Vile vile video ya jaribio la sayansi, mche wa maharage kila baada ya siku tatu, mtoto akitengeneza mkeka na bibi yake, hizo ni za simu. Na kama baba yuko Juba au Dubai kikazi, kupitia simu anaiona kazi ya mtoto jioni ile ile na kumpigia kumwuliza, na mtoto anaandika vizuri zaidi akijua baba ataona.

Sasa shida zake, na si ndogo. Akaunti ya Google ya bure ni GB 15 na humo humo zinagawana Gmail, Drive na Picha, tangu Juni 2021 picha zote mpya zinahesabiwa, na tangu 2024 hata bakapu ya WhatsApp ya Android inakula humo humo. Picha moja ya simu ya kisasa ni MB tatu hadi tano, video ndo usiseme. Kwa hiyo kazi za karatasi usizipige picha za kawaida, tumia skana iliyo ndani ya programu ya Drive yenyewe, inanyoosha ukurasa, inakata kivuli cha mkono wako na kutoa PDF nyepesi inayosomeka.

Kingine, kuna wazazi wanafungua akaunti mpya ya mtoto, wanapakia kazi za mwaka, wanaiacha. Google wana sheria kwamba akaunti isiyotumika miaka miwili wanaweza kuifuta na kila kilicho ndani, kwa hiyo hiyo akaunti ingia angalau kila muhula, fungua kitu, funga.

Bando nalo ni gharama ya kila mwezi, na kwenye kila bando kuna kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021. Kupakia video usiku baada ya usiku kunamaliza hela ambayo ingenunua kauntabuku za ukoo mzima. Na Facebook kama albamu ya kazi za mtoto usifikirie kabisa, imefungwa hapa tangu Januari 2021 na unaingia kwa VPN tu, mwalimu hatawasha VPN kwa ajili yako. Mwezi ule ule wa uchaguzi intaneti nzima ilizimwa siku kadhaa, aliyekuwa na kila kitu mawinguni hakuwa na kitu mkononi.

WhatsApp wengi wanaifanya kabati, wanajitumia wenyewe kazi za mtoto. Ni rahisi, lakini picha inabanwa, maandishi ya penseli yanafifia, na kupata kitu cha Machi ukiwa Novemba ni kupekua mpaka macho yaume. Kama lazima utume kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, ubora unabaki. Na picha za watoto zenye uso na jina kamili zisiende kwenye magrupu ya watu mia mbili, hata kama ni grupu la wazazi wa kanisa au msikiti, piga kazi, sio sura.

Majina ya mafaili yaanze na mwaka, mwezi, siku, mfano 2025-03-14_hesabu_malori, hapo yatajipanga yenyewe kwa tarehe. IMG_4471 haijawahi kumsaidia mtu.

Na mbele ya DOS? Simu mkononi mwa mtu mwingine ni shida, meseji zinaingia, skrini inazima, chaji imeisha, anaogopa kugusa. Ataangalia picha tatu kwa adabu. Kwa hiyo rekodi mbili za kusoma mchezeshee wewe, kazi zingine zote zipeleke kwa karatasi.

Sasa wewe uchague ipi

Mtoto wa P1 hadi P3 ambaye bado yuko nyumbani miaka kadhaa: kauntabuku na rekodi za sauti ndio msingi, faili liwe dogo tu kwa mada. Umri huu kusoma na kuhesabu kwa mdomo ndio kila kitu, na hivyo havikai kwenye karatasi.

P4 mpaka P6 faili la karatasi lipande juu, na kauntabuku iendelee.

Anayejiandaa kwa PLE, hapo zaidi ya kazi za kawaida weka mitihani ya majaribio aliyofanya kwa saa, yenye alama zilizosahihishwa na mtu mwingine asiye mzazi, hata ticha wa jirani. Andika kwa mtindo wa hapa, D1 mpaka F9 kwa kila somo na agrigeti, yaani namba za masomo manne zikijumlishwa, nne ikiwa ndio bora na daraja la kwanza likiishia 12. Hili wanaotumia mitaala ya nje walitilie maanani zaidi. Wale wa ACE, ule mtaala wa Kikristo wa Marekani, mna zile PACE, vijitabu vya kazi, na mtihani wake ambao mtoto lazima apate angalau 80 ndio avuke, ni kazi nzuri na mna ushahidi tele umeshachapishwa, lakini hedimasta akiona 92, 88, 95 zimejaa ukurasa haoni agrigeti humo. Mfanyie mtoto mitihani miwili ya zamani ya PLE ukaiweke mbele ya hizo PACE.

Sekondari ni habari nyingine kabisa. Mtaala mpya ulioanza 2020, ambao kundi lake la kwanza lilifanya UCE, mtihani wa mwisho wa S4, mwaka wa nne wa sekondari, mwaka 2024, asilimia 20 ya matokeo inatoka kwenye tathmini ya kazi zinazofanyika shuleni na 80 kwenye mtihani wa mwisho. Hizo alama 20 zinapitia kwenye shule, kwa hiyo anayesomea nyumbani S3 tayari anatakiwa awe amekubaliana na senta yake mapema, na potifolio yake ifuate vile senta hiyo inavyotaka miradi na kazi zake, sio vile mzazi anavyopenda. Usianze kutafuta senta S4.

Familia za kuhamahama, na hapa nawafikiria sana wenzetu wa jeshi wanaotolewa Bombo leo kesho wako Gulu na mizigo yao kwenye lori, kwenu simu na Drive ziwe za kwanza. Karatasi zinapotea kwenye kuhama. Skani kila mwisho wa mwezi, chapisha zile 36 ukifika mahali pa kutulia.

Kuhusu Kiswahili niseme kitu kwa sababu wengi wetu hapa ndio lugha ya nyumbani. Kwenye masomo manne yanayohesabiwa kwenye agrigeti ya PLE Kiswahili hakimo. Baraza la mawaziri lilipitisha Julai 2022 kiwe lugha rasmi na kifundishwe, na kwenye mtaala wa sekondari S1 na S2 ni somo la lazima, lakini watoto wengi wanamaliza P7 bila alama hata moja ya kuonyesha wanakijua. Kwa mtoto kama huyo faili lako ndilo cheti chake. Weka insha moja kila muhula, barua kwa babu, mashairi kama anatunga, usikubali wazo kwamba kwa kuwa hakiingii kwenye agrigeti basi hakina kazi, anayeingia S1 akiwa anaandika Kiswahili kilichonyooka darasa zima litakuwa linamwuliza yeye.

Na wewe uliyesoma mpaka hapa huku una wiki mbili tu kabla ya kumpeleka mtoto shule na hujatunza chochote, usibuni tarehe wala usikae kuandika kauntabuku ya mwaka mzima usiku. Kusanya kilichopo, kwenye madaftari, chini ya kochi, kwenye simu. Toa kazi tatu kwa kila somo, hata kama kurasa zinatoka daftari moja, na zisizo na tarehe andika mwezi unaoukumbuka na neno takriban mbele yake. Mrekodi mtoto akisoma leo. Andika ule ukurasa wa mbele kwa mkono safi, piga panchi, tia springi. Kazi kumi na mbili, ukurasa mmoja na rekodi moja, nenda nazo hivyo hivyo, na mwambie DOS wazi kwamba mlianza kutunza mwezi huu.